Pikapu Iliyogoma Siku za Mzigo

Mwezi Juni mwaka 2017, katika vilima vya Makete ambako asubuhi za kipupwe huacha umande ulioganda juu ya majani ya viazi, pikapu yangu ya Toyota Hilux ilianza kugoma kuwaka. Haikugoma kila siku, na hilo ndilo lililonipotosha. Leo iliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, kesho yake nilipiga stata hadi mlio wake ukawa mzito na wa kuchoka, na keshokutwa ikawaka tena bila shida yoyote. Hali hiyo ilidumu karibu miezi mitatu. Katika muda huo nilinunua betri, nikanunua plagi za hita, zile zinazopasha injini joto kabla haijawaka, nikalipia pampu ya mafuta kufumuliwa na kupimwa, na kumbe kilichokuwa kimeharibika ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja. Ninaandika habari hii kwa kuwa bado ninawaona wakulima na madereva wa huku kwetu wakipita njia ileile niliyopita mimi, wakilipia kifaa baada ya kifaa, na kila mara ninaumia kama vile fedha zinatoka mfukoni mwangu.

Gari lenyewe nililinunua mwaka 2014 likiwa limekwisha kutumika, lina injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L, ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, isiyo na kompyuta wala vitambuzi vingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shamba ndilo linalosomesha watoto wangu. Viazi vikishachimbwa haviwezi kusubiri, kwa sababu mnunuzi wa Njombe mjini ana lori linaloondoka kwenda Dar es Salaam kwa saa maalumu, na mkulima aliyechelewa huuza siku inayofuata kwa bei atakayoambiwa. Kwa hiyo gari lisilowaka asubuhi ya mzigo ni hasara inayohesabika gunia kwa gunia.

Fundi wa kwanza alifika, akasikiliza stata ikizunguka kwa uvivu, akasema betri imekwisha. Nilinunua N70 mpya kwa shilingi 230,000. Stata ikazunguka kwa nguvu na injini haikuwaka. Baadaye nilielewa kwamba betri ya zamani ilikuwa imechoshwa na kupigwa stata kwa muda mrefu, yaani udhaifu wake ulikuwa matokeo ya ugonjwa na wala haukuwa ugonjwa wenyewe. Fundi wa pili, kwa kuwa kulikuwa na baridi kali, alizilaumu plagi za hita, akazibadilisha zote nne bila kuzipima hata moja. Nilizihifadhi zile za zamani ndani ya kopo, na mwaka uliofuata nilipopata mita ya umeme nilizipima nikakuta tatu kati yake ni nzima kabisa. Fundi wa tatu alisema pampu imekufa. Neno hilo humwogofya mwenye gari la dizeli kuliko neno jingine lolote, na mtu aliyeogopa haulizi maswali. Pampu ilifunguliwa, ikapelekwa Mbeya kwenye mashine ya kupimia, ikabadilishwa sili zake, ikarudishwa, na jumla ya gharama pamoja na nauli ilifika shilingi 520,000. Gari liliwaka siku hiyo likinguruma vizuri, nami nikashukuru. Siku ya tano, nikiwa nimepakia magunia 14 tangu jioni, liligoma tena.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameanza kusema kwamba gari hili halipendi viazi, na kwa kweli alikuwa amegundua jambo ambalo mafundi wote watatu hawakuliona. Pikapu ilikuwa ikigoma siku za mzigo tu. Nami nililiona hilo, lakini sikulifikiria kama dalili, kwa sababu sikuona uhusiano wowote kati ya uzito wa magunia nyuma na kuwaka kwa injini mbele.

Usiku mmoja wa mwezi Agosti jirani yangu aligonga mlango akiwa amembeba mtoto wake aliyeshikwa na degedege. Gari lilikuwa limepakiwa tayari kwa safari ya alfajiri. Nilipiga stata, nikapumzika, nikapiga tena, mama wa mtoto akiwa amekaa kiti cha mbele ananitazama mikono. Halikuwaka. Walipelekwa hospitali kwa pikipiki, watu wazima wawili na mtoto katikati, katika baridi ile na barabara ile iliyokuwa bado ya vumbi. Mtoto alipona, na leo yuko darasani kwangu, ila mimi sikulala tena usiku ule. Kulipokucha niliamua kumtafuta fundi mzee ambaye zamani alikuwa akitengeneza malori kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na ambaye sasa amestaafu anafuga ng'ombe wawili wa maziwa.

Alikuja siku iliyofuata akiwa amevaa koti la mvua, bila sanduku la spana. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kabla hajagusa boneti akaniambia, "Mwalimu, nenda kasimame nyuma ya gari, utazame eksozi. Mwache kijana apige stata, nawe uniambie unaona nini." Kijana wangu alipiga stata kama sekunde kumi. Nilimjibu kwamba sioni kitu. "Hakuna hata moshi kidogo? Mweupe? Wa kijivu?" Hapakuwa na kitu. Akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa muda wa miezi mitatu: "Gari lilipolala usiku lilikuwa limeelekea wapi?"

Uwanja wa nyumba yangu una mteremko. Ghala la viazi liko upande wa chini, na siku za mzigo huwa ninalirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala ili kupakia iwe rahisi, hivyo hulala pua ikiwa juu na mkia ukiwa chini. Siku ambazo hakuna mzigo huliacha juu karibu na nyumba, likiwa limetazama barabarani kwenye mteremko. Nilipomweleza hayo alicheka kwa furaha ya mtu aliyekwisha kupata jibu, akasema, "Basi mafuta yako yanarudi tankini usiku."

Hapa inafaa nieleze kinachotokea, kwa maana bila kukielewa mtu atabaki kubahatisha. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1, na kubanwa huko peke yake huipasha hadi kufikia mamia ya nyuzi za sentigredi, ndipo nozeli inapopuliza mafuta membamba kama ukungu, nayo yanashika moto yenyewe. Kwa hiyo injini hii inadai mambo machache sana: izungushwe kwa kasi ya kutosha ili hewa ibanwe vizuri, ipate joto, hasa asubuhi yenye baridi ambapo plagi za hita hupasha chumba cha kuchomea, na mafuta yafike kwenye nozeli yakiwa safi na yasiyo na upepo. Mafuta hayakubali kubanwa, lakini upepo unakubali. Pampu ikikuta upepo badala ya mafuta, itaubana na kuuachia, na shinikizo halitapanda hadi kufungua nozeli. Ndiyo maana moshi unatoa habari nyingi. Stata ikizunguka kwa nguvu na eksozi ikiwa kavu bila moshi wowote, basi mafuta hayafiki. Ukitoka moshi mweupe mzito unaowasha macho, basi mafuta yanafika lakini hayachomeki, na hapo ndipo mtu anapopaswa kuziangalia hita, maji ndani ya mafuta, au uchovu wa pistoni na ringi zake.

Katika gari kama langu hakuna pampu ndani ya tanki inayosukuma mafuta mbele. Pampu kubwa iliyoko kwenye injini ndiyo inayofyonza mafuta yenyewe, yatoke tankini nyuma, yapite kwenye bomba chini ya chesisi, yapande kwenye filta, ndipo yaifikie. Njia yote hiyo ni njia ya kufyonza. Mpira ukipasuka katika njia ya kufyonza, mara nyingi dizeli haidondoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Jambo hili linawapotosha watu wengi sana, kwa kuwa sote tumezoea kutafuta mahali palipolowa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala chini ya gari mara nyingi nikimulika tochi, nikaona pakavu kila mahali, nikaridhika.

Fundi mzee aliweka kiganja juu ya ile pampu ya mkono iliyo kichwani mwa filta, akaanza kuibonyeza. Alinishika mkono akaniwekea pale ili nami nisikie. Mwanzoni ilikuwa laini, inazama bila upinzani wowote, kama kubonyeza mpira uliopungua upepo. Tulihesabu mara 34. Baada ya hapo ikaanza kuwa ngumu, kisha ikakataa kabisa kushuka. Aliniambia nipige stata. Injini ilikohoa mara moja, ikayumba kwa nusu dakika, ikatulia. Nilisimama pale nikikumbuka shilingi 520,000 za pampu.

Hakuishia hapo, na ninamheshimu kwa sababu hiyo. Mafundi wengi wangepokea ujira wao injini ikinguruma. Yeye aliniomba kipande cha mpira mweupe unaopenyeza nuru, ule unaouzwa kwa wajenzi kwa ajili ya kupimia usawa wa maji, akaufunga kati ya filta na pampu. Injini ilipowashwa tuliona viputo vidogo vikipita ndani ya mafuta, kimoja kimoja, kisha kundi, kisha kimoja. Sasa tulijua upepo unaingia mahali kabla ya pampu. Akachomoa mpira unaotoka tankini kwenye filta, akaweka mahali pake mpira mwingine uliozama ndani ya dumu lenye dizeli safi. Dumu aliliweka chini, ardhini. Nilitaka kuliinua juu ya boneti ili kumsaidia, akanikataza, akaeleza kwamba likiwa juu mafuta yatateremka yenyewe, na tundu linalovuta upepo litajificha. Ni lazima pampu iendelee kufyonza kama inavyofyonza siku zote. Tuliiwasha tena. Baada ya muda mfupi viputo vilikwisha, mafuta yakapita ndani ya mpira ule mweupe yakiwa ya rangi ya chai nyepesi, bila doa.

Kwa hiyo filta ilikuwa nzima, sili yake nzima, na pampu ya mkono nzima. Ubovu ulikuwa nyuma yake. Alilala chini ya gari, akafuata bomba la chuma kwa vidole badala ya macho, na alipofika mahali ambapo bomba linaungana na mpira mfupi karibu na tanki, alilegeza klampu, akauvuta. Ulionekana mzima. Aliukunja mbele ya uso wangu, na upande wa chini, pale palipokuwa pamebanwa na klampu, pakafunguka nyufa tatu kama nyufa za kisigino cha mtu anayetembea peku wakati wa kiangazi. Alipouachia, nyufa zikafumba zisionekane tena. Gari likilala limeelekea juu, uzito wa mafuta yaliyomo kwenye bomba ulikuwa ukiyavuta yarudi chini tankini, na zile nyufa zilikuwa zikiyapa upepo wa kujaza nafasi yake. Likilala limetazama chini, mafuta yalibaki mbele. Viazi havikuhusika, ila mahali pa kuvipakia palihusika. Mpira mpya wa dizeli na klampu mbili vilinigharimu shilingi 9,000, na fundi mzee alikubali kupokea debe moja la viazi tu.

Tangu siku hiyo nimewasaidia majirani kadhaa, na sijawahi kuanza kwa kufungua kitu. Ninaanza kwa kusikiliza stata. Ikizunguka kizito, sikimbilii kulaumu betri, kwa sababu mara mbili nimekuta tamino, yaani vichwa vya betri vinavyofungwa waya, zimeota ukungu mweupe, na mara moja waya wa ethi unaotoka betrini kwenda kwenye injini ulikuwa umelegea kwenye nati yake. Ukishika tamino au ethi baada ya kupiga stata ukakuta ina moto, hapo umeme unapotea. Mwenye mita aiangalie betri: ikiwa imejaa na gari limetulia huonyesha takriban volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke sana chini ya 10. Wala stata isipigwe kwa zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja. Ipumzishwe, kwa kuwa nimeona iliyoungua kwa pupa ya mwenyewe, na hapo tatizo moja likawa mawili.

Maji ndani ya mafuta ni adui mwingine wa huku kwetu, kwa sababu vijijini tunanunua dizeli kwenye madumu, na dumu lililokaa nusu tupu katika nchi ya baridi hutoa jasho ndani. Mimi huchukua kidogo kwenye chupa inayoonekana, nikaiacha ikatulia. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini yakijitenga kwa mstari ulionyooka. Chini ya filta kuna koki ya kuyatolea, nayo hufunguliwa kwa vidole bila spana. Nashangaa ni magari mangapi yamekaa miaka mitano bila koki hiyo kuguswa.

Kuna desturi moja ninayoipinga kwa nguvu zangu zote, ile ya kuwasha kitambaa chenye petroli na kukishikilia kwenye mdomo wa kuvutia hewa, au kupuliza dawa ya kopo ya kuwashia injini. Dawa hiyo hushika moto kwa joto dogo sana, na ikikutana na plagi za hita zilizokwisha kuwa nyekundu inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu. Pistoni na ringi huvunjika kwa namna hiyo. Kijana mmoja wa kijijini kwetu aliungua mkono hadi kwenye kiwiko kwa kitambaa cha petroli, na gari lile lilikuwa limeishiwa dizeli tu. Vilevile, anayelegeza nati za mabomba ya nozeli ili kutoa upepo, zile za spana namba 17, asiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka. Shinikizo lake linaweza kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo linahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana dogo kama la sindano.

Mwaka 2019, mwezi wa Mei, nilikuwa nikirudi kutoka Njombe saa moja jioni, injini ikazimika ghafla katikati ya mwendo, bila kukohoa wala kuyumba. Nilikuwa na abiria wawili, mvua ilikuwa inakaribia. Nilimwomba mmoja wao asimame nyuma atazame eksozi, nikapiga stata. Ilizunguka kwa nguvu. Akasema hakuna moshi. Mafuta hayafiki, basi. Nikaibonyeza pampu ya mkono, ikawa ngumu tangu mara ya kwanza, na hilo likaniambia kwamba mafuta yamejaa hadi kwenye pampu kubwa na hakuna upepo. Kilichobaki kilikuwa kile kifaa kidogo cha umeme kilicho nyuma ya pampu, ambacho hufungua njia ya mafuta ufunguo unapowashwa na kuifunga unapozimwa. Nilitega sikio karibu nacho, nikamwambia abiria awashe na kuzima ufunguo. Kikiwa kizima hulia "ta" moja ndogo inayosikika wazi. Sikusikia kitu. Niligusa waya wake kwa taa ya kupimia, taa haikuwaka.

Niliuchomoa waya ule, nikaufunga ncha kwa utepe, nikachukua waya wangu wa akiba kutoka chini ya kiti, nikaunganisha kutoka upande wa chanya wa betri hadi kwenye kile kifaa. Kilipoguswa kilitoa cheche ndogo na kulia "ta". Sijui kama kuna muziki ulionifurahisha kuliko sauti ile. Injini iliwaka mara moja, tukafunga boneti, tukaondoka matone ya kwanza yakianza kudondoka.

Tulifika Makete saa tatu usiku. Niliegesha karibu na nyumba, nikazima ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma kama nilivyotarajia, kwa kuwa sasa ilikuwa ikipata umeme wake moja kwa moja. Mke wangu alitoka na taa kuuliza kwa nini sizimi gari. Nilifungua boneti, nikashika waya wa akiba kwa vidole viwili, nikauvuta, na kukawa kimya. Asubuhi nilifuatilia waya wa zamani tangu kwenye pampu, nikakuta umesuguliwa na pembe ya chuma karibu na betri hadi ukakatika, nikauunga, nikauvisha kipande cha mpira, kisha nikarudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala kwa ajili ya mzigo wa kesho yake.